Kushika Bitcoin kwa Mkono Wako: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwisha Kushindwa

Karibu kila anayenijia na kilio cha Bitcoin ameanguka mahali palepale. Kanunua, kaona tarakimu kwenye skrini, akaamini mali ni yake. Siku akaunti inapofungwa, au soko la mtandaoni linapotangaza kufilisika, ndipo anapogundua kwamba alichokuwa nacho ni ahadi ya mtu mwingine. Wengine walifika mbele kidogo: waliandika maneno ya siri ya pochi (programu au kifaa kinachotunza ufunguo wa Bitcoin), wakayatunza vizuri, na siku ya kuyatumia yakawafungulia pochi tupu.

Mwongozo huu unalenga kumaliza kazi hiyo moja. Utapata Bitcoin kutoka kwa mtu, utaiweka chini ya ufunguo ulio nao wewe peke yako, na utakuwa na hakika kwamba hata vifaa vyako vyote vikiungua leo, kesho unaipata tena. Nadharia nimeiacha. Jitengee siku mbili au tatu, kwa sababu waliojaribu kumaliza usiku mmoja ndio hao hao wanaorudi na kilio.

Jambo moja niliseme mapema, maana wanaopigia debe uhuru wa Bitcoin hupenda kuliruka. Mtandao huu hauna ofisi ya kupelekewa amri, kwa hiyo hakuna waziri wala jaji anayeweza kuuagiza usimamishe muamala wako. Lakini wewe una nyumba, una jina, una mwili, na wewe unaweza kuagizwa. Jua sheria ya mahali ulipo kuhusu kumiliki, kununua na kulipa kodi. Mwaka 2021 China ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizi. Nchi nyingine zinaruhusu kwa masharti. Hatua zinazofuata zinakuondolea mtu wa kati. Mahakama hazikuondolei.

## Unavyohitaji

- Simu au kompyuta yako mwenyewe, iliyosasishwa. Ya kazini au ya kuazima haifai.
- Programu ya pochi ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa kompyuta, Sparrow au Electrum. Kwa simu, BlueWallet.
- Pochi ya kifaa, kama Trezor au Coldcard, ikiwa kiasi unachokusudia kuweka kitakuumiza kikipotea. Nunua kipya kwa mtengenezaji mwenyewe. Kilichokwisha kutumika usikiguse, hata kama ni zawadi.
- Karatasi ngumu mbili na kalamu ambayo wino wake haufifii.
- Mahali pawili pa kufichia, pasiwe nyumba moja.
- Fedha kidogo ambazo uko tayari kuzipoteza zote bila kukosa usingizi.

Usichohitaji ni mtu wa "kukufungulia". Anayekushikia simu wakati pochi inaundwa ameyaona maneno yako, na aliyeyaona ana pochi sawa na wewe. Hapa hakuna mwenye pochi na mgeni wake.

## Hatua ya 1: Weka pochi, uhakikishe ni ya kweli

Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya pochi uliyochagua. Usibofye tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kwa sababu matapeli hulipia nafasi hizo. Pochi bandia haikwamikwami wala haionyeshi dalili yoyote. Hufanya kazi vizuri kabisa mpaka siku utakapoweka kiasi cha maana.

Kwenye kompyuta, kagua saini ya faili, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha limetoka kwa watengenezaji, kabla ya kulifungua. Sparrow ina sehemu yake ya kukagua faili lililopakuliwa, na maelezo yapo kwenye tovuti yao. Ni kazi ya dakika tano tu, na sijamwona mtu aliyejutia dakika hizo.

Utajua umefaulu pochi itakapofunguka bila kukuomba namba ya simu, barua pepe wala picha ya kitambulisho, kisha ikakupa maneno, kwa kawaida 12 au 24. Ikikuomba hayo yote na maneno isikupe, hiyo ni akaunti kwenye kampuni, na ufunguo wanao wao. Soko la sarafu la Mt. Gox lilipoanguka mwaka 2014, na la FTX mwaka 2022, wateja wao walikuwa na akaunti za namna hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Yaandike maneno

Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe, ila yameandikwa kwa namna ambayo mkono wa binadamu unaweza kuinakili. Kwa kawaida yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2048. Orodha ipo kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo yaandike kama yalivyo kwenye skrini, na tafadhali usiyatafsiri. Nimewahi kuletewa karatasi yenye maneno 12 safi ya Kiswahili, mwandiko mzuri wa kupendeza, tukakesha tukibahatisha "chombo" kilikuwa neno gani kati ya manne.

Andika kwa herufi kubwa, kila neno na namba yake, maana mpangilio ukibadilika pochi inabadilika. Mwandiko wako ukiwa mbaya usihofu sana: kwenye orodha ya Kiingereza, herufi 4 za mwanzo zinatosha kutofautisha neno moja na jingine. Hakikisha hizo nne zinasomeka bila ubishi.

Mambo ambayo watu hufanya, na ambayo huwagharimu:

- Kupiga picha. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ulidhani umeiweka mfukoni, kumbe iko kwenye kompyuta ya kampuni usiyoijua.
- Kujitumia kwa ujumbe au barua pepe. Akaunti ya barua pepe ikidukuliwa, maneno yanatafutwa kwa sekunde.
- Kujichagulia maneno. Binadamu hatujui kubahatisha. Sentensi unayodhani umeitunga wewe peke yako, kuna programu iliyokwisha kuijaribu. Acha pochi ichague.

Chini ya maneno, andika jina la programu uliyotumia na tarehe. Hili linaonekana dogo lakini lina kisa. Electrum, kwa kawaida, hutumia mfumo wake yenyewe wa maneno, tofauti na ule wa pochi nyingi. Maneno yake 12 ukiyapeleka kwenye pochi nyingine yanaweza kukataliwa, na mtu akadhani kapoteza kila kitu kumbe kabisha mlango usio wake.

Pochi nyingi zitakupa pia nafasi ya kuongeza nenosiri la ziada juu ya maneno. Kwa mara ya kwanza, liache. Nenosiri hilo halina "umekosea": ukiandika herufi moja tofauti, inafunguka pochi nyingine halali, tupu. Nimeona wengi zaidi waliojifungia nje kwa njia hii kuliko waliookolewa nayo na mwizi.

## Hatua ya 3: Futa kila kitu, kisha urejeshe

Hapa ndipo wanaposhindwa wengi, na wanashindwa kwa sababu hawapiti kabisa. Ungekuwa na muda wa kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu kwa makini, ningekuomba iwe hii.

Pochi bado ni tupu. Ni wakati pekee ambao unaweza kukosea bure.

1. Fungua sehemu ya kupokea. Itakuonyesha anwani, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu wa kupokelea Bitcoin, kwa kawaida inayoanza na bc1q. Inakili yote kwenye karatasi ya pembeni, herufi kwa herufi.
2. Hakikisha karatasi ya maneno iko mkononi. Sasa ifute pochi. Kwenye simu, ondoa programu yenyewe. Kwenye pochi ya kifaa, irudishe katika hali ya kiwandani.
3. Ipakue upya, uchague kurejesha pochi iliyopo, uingize maneno kutoka kwenye karatasi peke yake. Usitumie kumbukumbu, wala usiulize.
4. Fungua tena sehemu ya kupokea. Linganisha anwani ya kwanza na ile uliyonakili.

Kwa nini ulinganishe anwani, isitoshe tu kwamba pochi imefunguka? Kwa sababu pochi haikatai kila kosa. Sehemu ndogo ya neno la mwisho ni hesabu ya kukagua yale yaliyotangulia, na kwa maneno 12 hesabu hiyo ni fupi: ukikosea neno kwa kuandika jingine lililo kwenye orodha, kuna nafasi 1 kati ya 16 kwamba pochi itakubali bila kulalamika. Kwa maneno 24 ni 1 kati ya 256. Itafunguka vizuri, itakuwa halali, na haitakuwa yako. Ni anwani tu inayoweza kukuambia umerudi nyumbani.

Anwani zisipolingana, usikimbilie kuunda pochi mpya. Kwanza soma upya maneno, hasa yanayofanana mwanzo. Pili, angalia aina ya anwani: maneno yale yale huzaa anwani zinazoanza na 1, na 3, na bc1q, na bc1p, kila aina kwenye njia yake. Pochi uliyorejesha ikiwa imechagua aina nyingine, itakuonyesha sura ngeni. Badilisha aina, uangalie tena.

Utajua umefaulu anwani zinapolingana herufi kwa herufi. Baada ya hapo nakili maneno kwenye karatasi ya pili, ulinganishe, kisha kila karatasi iende mahali pake. Moto na maji haviheshimu karatasi, kwa hiyo kiasi kikikua utayahamishia kwenye bamba la chuma. Leo karatasi inatosha.

Kuna kitu hutokea kichwani mwa mtu baada ya jaribio hili. Kabla yake, simu ni sanduku la hazina na akili haitulii. Baada yake, simu inakuwa chombo tu. Iibwe, izame, inyang'anywe mpakani. Ufunguo uko kwingine, nawe umeshauona ukifungua.

## Hatua ya 4: Nunua kutoka kwa mtu

Kununua kwenye soko kubwa linalotaka kitambulisho ni rahisi, na kwa wengi panatosha, mradi uhamishe ulichonunua siku hiyo hiyo. Ila soko hilo lina jina lako, picha yako na anwani ulikotuma, na linaweza kuamriwa kusimamisha akaunti. Biashara ya mtu kwa mtu inapunguza hilo. Bei yake ni kwamba unabeba hatari ambazo soko lilikuwa linakubebea, kwa hiyo uzijue.

Mkutano wa ana kwa ana. Mtu unayemfahamu ndiye bora kuliko wote. Kama humfahamu, kutaneni mchana, penye watu, na usiende peke yako. Fedha isibadilishe mikono kabla muamala haujaonekana kwenye pochi *yako*, na msiachane kabla haujaingia kwenye bloku moja, yaani fungu la miamala ambalo mtandao umelithibitisha. Kusubiri huko ndiko kunakowachosha tapeli na mwathirika wake. Mwenye nia njema atakaa.

Kupitia jukwaa la mtu kwa mtu. Hapa unalipa kwa benki au kwa simu, naye muuzaji anatuma Bitcoin. Swali ni moja tu: nani atangulie? Majukwaa mazuri yamelijibu kwa kufungia sarafu za muuzaji kwenye amana kabla hujalipa. Kuna amana inayoshikwa na jukwaa lenyewe, ambapo umerudi kumwamini mtu wa kati japo kwa saa chache. Kuna nyingine inayotumia saini nyingi: kwa mfano funguo tatu, wewe moja, muuzaji moja, msuluhishi moja, na zinahitajika mbili ili sarafu zisogee. Hapo msuluhishi hawezi kutoroka nazo peke yake.

Bisq ni programu ya kompyuta inayofanya hivyo bila kampuni ya kuifungia mlango: mnunuzi na muuzaji wote huweka dhamana kwenye anwani ya saini mbili, na mawasiliano hupita kwenye Tor, mtandao unaoficha mahali ulipo. RoboSats nayo hutumia Tor, kwa malipo ya Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin. Kasoro yao kwa mgeni ni moja: dhamana hiyo inalipwa kwa Bitcoin, kwa hiyo unahitaji kuwa na kidogo ili upate kidogo. Ndiyo maana nasema mara ya kwanza mtafute unayemfahamu.

Njia za wizi zinazojirudia:

- "Tumalizie nje, tuokoe ada." Nje ya amana hakuna mtu wa kukusikiliza. Funga mazungumzo.
- Jina la akaunti si la muuzaji. Anakwambia ulipe kwa "dada yangu". Yule dada ni muuza simu asiyejua lolote. Tapeli ameagiza simu kwake na wewe ndiye unayeilipia. Anachukua simu, wewe unabaki ukigombana na mtu aliyetimiza wajibu wake. Jina lisilolingana na la kwenye jukwaa, usilipe.
- Picha ya skrini. Picha inayoonyesha "imetumwa" haina thamani yoyote. Kinachohesabika ni kile pochi yako inachokiona.
- Pochi iliyo tayari. Anakuuzia kifaa au kadi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, na salio ndani. Maneno anayo, salio atalichukua jioni.
- Bei ya chini ya soko. Wauzaji wa mtu kwa mtu kwa kawaida hutoza *juu* kidogo ya soko. Anayekuuzia kwa hasara ana sababu, na sababu hiyo ni wewe.

Nunua kiasi kidogo kwanza. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja mpaka uwe na fedha nyingi.

## Hatua ya 5: Toa anwani, kisha ungoje

Zalisha anwani mpya, uibonyeze kunakili, umpelekee muuzaji. Kisha fanya kitu ambacho wengi hukiona upuuzi: linganisha herufi 6 za mwanzo na 6 za mwisho za ulichobandika na zile za pochi. Kuna programu haribifu zenye kazi moja tu, kusubiri unakili anwani ya Bitcoin na kuibadilisha na ya mwizi kabla hujabandika. Ukiwa na pochi ya kifaa, linganisha na skrini ya kifaa chenyewe, maana ya kompyuta inaweza kudanganya.

Muamala utaonekana kwenye pochi ndani ya sekunde chache, ukiwa na alama ya kutothibitishwa. Usisherehekee. Muamala ambao haujaingia kwenye bloku unaweza kubadilishwa na aliyeutuma kwa kulipa ada kubwa zaidi, na sarafu zikaelekea kwingine.

Bloku hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10. Neno "wastani" hapo lina kazi: wakati mwingine bloku mbili hufuatana kwa dakika moja, wakati mwingine unakaa nusu saa au zaidi bila kitu, na hakuna kilichoharibika. Kwa kiasi kidogo, uthibitisho mmoja, yaani bloku moja, unatosha. Kwa kiasi kinachouma, ngoja sita, takribani saa moja.

## Hatua ya 6: Tuma, ili ujue kutoka kunavyokuwa

Kupokea tu hakutoshi. Tuma sehemu ndogo kwenda pochi nyingine yako, au mrudishie rafiki. Ni afadhali ujifunze ada leo kuliko siku unayohitaji kutoka kwa haraka.

Ada haihesabiwi kwa thamani unayotuma. Inahesabiwa kwa ukubwa wa muamala, kwa satoshi kwa kila baiti pepe, ambayo ni kipimo cha ukubwa huo. Muamala wa kawaida, wenye kipande kimoja kinachoingia na viwili vinavyotoka kwa anwani za bc1q, una baiti kama 141. Bei ikiwa satoshi 10 kwa baiti, utalipa satoshi 1,410, uwe unatuma kidogo au unatuma utajiri.

Vipande ni nini? Ukipokea mara ishirini, huna rundo moja. Una noti ishirini, na kila noti unayoitoa mfukoni inaongeza baiti kama 68. Aliyekusanya vipande ishirini vidogo atalipa, kwa bei hiyo hiyo, karibu satoshi 14,000. Siku mtandao umejaa na bei imepanda mara kumi, vipande vidogo vinaweza kugharimu zaidi ya thamani yao. Kwa hiyo usinunue kwa matone kila siku ukayaacha hivyo. Viunganishe siku ada iko chini. Hali ya ada utaiona kwenye tovuti ya mempool.space.

Ukituma kwa ada ndogo na muamala ukakwama, haujapotea. Pochi nilizotaja zinaweza kuongeza ada ya muamala uliokwisha kutumwa, mradi haujaingia kwenye bloku.

Utajua umefaulu ukiona mambo mawili: kiasi kimefika, na chenji imerudi kwako kwenye anwani usiyoitambua. Hiyo ya pili huwashtua watu. Ni yako, pochi hurudisha chenji kwenye anwani mpya.

## Hatua ya 7: Kumbuka kwamba leja iko wazi

Bitcoin haifichi kitu. Kila muamala tangu Januari 2009 uko kwenye leja, daftari la pamoja ambalo yeyote analisoma, na zipo kampuni zinazoishi kwa kulisoma, na serikali ni miongoni mwa wateja wao. Anwani haina jina, mpaka siku mmoja anapoliunganisha. Akiliunganisha mara moja, anafuata uzi kwenda mbele na kurudi nyuma.

Februari 2022 nchini Kanada, wakati wa maandamano ya madereva wa malori, pande zote mbili za jambo hili zilionekana wiki moja. Benki zilifunga akaunti. Polisi wakasambaza orodha ya anwani za Bitcoin kwa masoko ya sarafu, wakiyataka yasizihudumie. Leja ya wazi iliwarahisishia kuziandika. Na amri ya mahakama ilipowafikia Nunchuk, watengenezaji wa programu ya pochi, wakajibu kwamba hawashiki funguo za watumiaji, hivyo hawana wanachoweza kukifunga. Walichoandika kilikuwa kweli tupu ya kiufundi. Lakini anayetaka kugeuza sarafu kuwa fedha za kawaida bado alipaswa kupita kwenye mlango wenye askari.

Kwa matumizi ya kawaida fanya haya matatu. Anwani moja, malipo moja. Kila kipande kipe lebo ndani ya pochi: kimetoka kwa nani, lini, kwa ajili gani, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na lebo hizo ndizo zitakazokusaidia pia siku ya kukokotoa kodi. Na unapotuma, chagua mwenyewe vipande vya kutumia. Ukichanganya katika muamala mmoja kipande cha sokoni chenye jina lako na kipande ulichopata kwa jirani, umeviunganisha hadharani na hakuna wa kuvitenganisha.

Kingine ni mdomo. Usitaje kiasi ulicho nacho. Hesabu za siri hazimzuii mtu aliyesimama mlangoni na rungu.

## Hatua ya 8: Nodi yako, ukiwa tayari

Mpaka hapa pochi yako inauliza salio kwa seva ya mtu, na mtu huyo anaona anwani zako zote. Dawa ni kuendesha programu ya Bitcoin Core kwenye kompyuta yako, ili iwe nodi, yaani kituo kinachosoma na kukagua leja chenyewe, na kuiunganisha Sparrow nayo. Nodi hukagua yenyewe kila bloku na kila kanuni, ikiwemo ile ya kwamba Bitcoin hazitazidi milioni 21, bila kumwamini yeyote.

Leja nzima ni zaidi ya GB 600. Ukikosa nafasi, washa hali ya kupogoa: nodi itapakua na kukagua yote, kisha ibaki na sehemu ya mwisho tu, hata MB 550. Upakuaji wa kwanza unaweza kuchukua siku kadhaa na kumaliza kifurushi chako cha intaneti, kwa hiyo usiuanze kwenye data ya kupima. Hii si ya wiki ya kwanza. Aliyeruka Hatua ya 3 akakimbilia hapa amejenga mnara juu ya mchanga.

## Hatua ya 9: Watakaobaki

Ukifa leo, ulinzi wote huu unakuwa ukuta dhidi ya watoto wako. Hakuna ofisi watakayoipelekea cheti cha kifo.

Andika barua. Isiwe na maneno ya siri. Iseme: kuna Bitcoin, imetunzwa kwa programu fulani, karatasi iko mahali fulani, na usimpe mtu yeyote maneno hayo hata akijiita fundi, wakili au wakala wa kurejesha sarafu. Taja mtu mmoja wa kuwaongoza kwa mdomo tu, ambaye hatagusa karatasi.

Kisha fanya mazoezi. Unda pochi ndogo ya majaribio, uweke satoshi elfu chache, umkabidhi anayekurithi karatasi yake na barua, wewe ukae kimya chumba cha pili. Palipomkwamisha ndipo barua ilipo mbovu. Iandike upya, rudieni. Mke wa rafiki yangu alikwama kwenye mstari wa kwanza kabisa: mume aliandika "fungua Sparrow", naye hakujua kama hiyo ni programu, tovuti au jina la mbwa.

Barua ikipita jaribio hilo, weka alama kwenye kalenda, miezi 6 kutoka leo. Siku hiyo toa karatasi, angalia kama wino bado unasomeka, kisha rudia Hatua ya 3 kwenye kifaa cha pili, kile cha kwanza ukiwa hujakigusa.